Bendi za Chini kwa Chini na Redio za Vyuo vya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu bendi za muziki wa majaribio zilizofanya kazi nchini Marekani kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na redio za vyuo zilizopiga nyimbo zao wakati redio nyingine hazikuwa na habari nazo. Maswali yamepangwa kuanzia yale ya mwanzo kabisa hadi yale ya wenye santuri mbili tatu nyumbani wanaotaka kujua zilitoka wapi.

## Mambo ya msingi

1. "Chini kwa chini" ina maana gani hapa? Je, wanamuziki hawa walikuwa wakijificha?

Hapana, wala hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Walikuwa wakipiga katika vyumba vya chini vya nyumba za kupanga, kumbi za chuo na maduka ya santuri, na aliyetaka kuingia aliingia. Waliitwa hivyo kwa sababu kazi yao ilipita nje ya njia za biashara kubwa: bendi ilirekodi kwa fedha zake yenyewe, ikatengeneza nakala mia chache za santuri au ikarudufu kaseti moja moja nyumbani, kisha ikaziuza kwa mkono na kwa posta.

2. Muziki wa majaribio ni upi hasa?

Jina hili ni pana kupita kiasi, na ni afadhali kutoa mifano kuliko tafsiri. Katika eneo la Pasadena, California, katikati ya miaka ya 1970, kundi la marafiki lililojiita Los Angeles Free Music Society lilirekodi sauti za vinanda vya kuchezea watoto, kanda zilizokatwakatwa na ala zilizopigwa na watu ambao hawakuwahi kufundishwa kuzipiga. Smegma, bendi iliyoanzia katika mazingira hayohayo mwaka 1973, ilihamia Portland, Oregon, mwaka 1975 na kuendelea kwa miongo kadhaa. Huko Phoenix, Arizona, Sun City Girls walichanganya gitaa za roki na miondoko ya Asia na Uarabuni, pamoja na mizaha ambayo mara nyingine iliwafukuza wasikilizaji ukumbini.

Kinachoziunganisha bendi hizi ni kwamba hazikuanza na swali la nani atanunua. Si kwamba yote waliyotoa ni mazuri. Mengi yanachosha, na msikilizaji anayesema hivyo hajakosea. Ila katika santuri tano za aina hii huwamo moja isiyofanana na kitu chochote alichowahi kusikia.

3. Redio ya chuo ni nini, na inatofautianaje na redio nyingine?

Ni kituo ambacho leseni yake inamilikiwa na chuo au shirika lililo chini ya chuo, na ambacho watangazaji wake wengi ni wanafunzi na majirani wanaojitolea. Zamani kabisa havikutumia hata mnara: mwaka 1936 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown walianza kusambaza matangazo kwa nyaya kutoka bweni hadi bweni.

Mambo mawili ya kisheria ndiyo yaliyoamua sura ya redio hizi. La kwanza ni la mwaka 1945, wakati Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ilipopanga upya masafa ya FM na kutenga sehemu ya mwanzo, kati ya megahezi 88 na 92, kwa vituo visivyo vya kibiashara. Ndiyo maana hadi leo msafiri anayeendesha gari Marekani hukutana na redio za vyuo upande wa kushoto wa kipimo cha redio yake. La pili ni la mwaka 1948, tume hiyo iliporuhusu vituo vya elimu vya wati 10 tu, nguvu isiyozidi ya balbu ndogo, yenye kufika maili chache kutoka kwenye mnara. Chuo kisicho na fedha nyingi kikaweza kuingia hewani.

Mlango huo ulifungwa mwaka 1978. FCC iliacha kutoa leseni mpya za wati 10, na vituo vilivyokuwapo vikatakiwa kupanda hadi angalau wati 100, la sivyo vipoteze kinga ya masafa yao. Baadhi vilichangisha fedha vikapanda, na vingine vikazima mitambo.

4. Kwa nini redio hizo zilipiga muziki ambao karibu hakuna aliyeuomba?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna aliyepata hasara. Redio ya kibiashara inauza masikio ya wasikilizaji kwa watangazaji wa sabuni na magari, na dakika tatu za kelele ni dakika tatu za watu kubadilisha kituo. Redio ya chuo haina wa kumuuzia. Mtangazaji wa usiku aliyefungua maikrofoni mbele ya wasikilizaji kumi na wawili alikuwa huru kuliko mwenzake wa kituo kikubwa aliyepewa orodha ya nyimbo 40 na kukatazwa kuigusa.

Uhuru huo ulizaa ujuzi na ulizaa utundu pia. Mwaka 1983 KFJC, redio ya Foothill College huko Los Altos Hills, California, ilipiga wimbo mmoja, Louie Louie, kwa saa 63 mfululizo, katika matoleo zaidi ya 800. Boston College nao, kupitia WZBC, walitenga saa za jioni na usiku kwa ajili ya muziki wa majaribio, na wakaupa mfululizo huo jina lenye kukiri wazi kwamba hauwezi kuuzika. Lakini uhuru peke yake hauelezi yote. Mahali pengine ilikuwa sera iliyoandikwa, na kisa bora cha sera hiyo kinafuata.

## Kisa cha Olympia

5. Kwa nini Olympia hutajwa kila mara?

Olympia ni mji mkuu wa jimbo la Washington, mji mdogo ambao ungepaswa kubaki kivulini mwa Seattle. Mwaka 1971 chuo cha umma cha Evergreen kilianza kufundisha huko bila alama za A, B na C, na mwanzoni mwa 1973 redio yake, KAOS, ikaingia hewani kwenye 89.3 FM.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Foster, aliyesimamia muziki katika kituo hicho, aliweka kanuni kwamba asilimia 80 ya muziki unaopigwa utoke kwa lebo huru, yaani zile zisizo mali ya kampuni kubwa za kurekodi. Ili mtangazaji asipoteze muda kuchunguza maandishi madogo ya nyuma ya jalada, santuri za lebo huru ziliwekewa alama ya kijani. Ukisimama mbele ya rafu uliona kijani, ukachomoa.

Tafakari maana yake kwa mwanafunzi wa miaka 19 anayepanga kipindi cha saa mbili. Katika nyimbo 25 anazohitaji, 20 zilipaswa kutoka kwa watu ambao huenda hajawahi kuwasikia, na kwa hiyo ilimlazimu kufungua, kusikiliza na kuchagua. Redio nyingine za vyuo ziliruhusu muziki usiojulikana; hii iliudai. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti iliyoufanya mji wa watu wachache uwe na bendi nyingi kuliko ukubwa wake, kwa sababu kijana aliyeona kwamba santuri iliyotengenezwa gereji inakaa rafu moja na nyingine zote hakuwa mbali na kutengeneza ya kwake.

6. Jarida la Op lilikuwa nini, na kwa nini lilikufa?

Halikufa, lilimaliza alfabeti. Foster na wenzake walikuwa na shirika dogo lililoitwa Lost Music Network, ambalo herufi zake za kwanza ni L, M na N. Zinazofuata katika alfabeti ni O na P, na hapo ndipo jina la jarida lilipotoka. Toleo la kwanza la mwaka 1979 lilihusu wanamuziki wa herufi A, la pili B, na kadhalika hadi Z mwaka 1984, jumla ya matoleo 26, kisha likafungwa kama ilivyopangwa.

Umuhimu wake ulikuwa katika uhakiki mfupi mfupi, mamia kwa toleo, ukiambatana na anwani ya posta ya kila bendi. Mtu wa Ohio aliyerekodi kaseti chumbani kwake aliweza kusomwa na mtangazaji wa California, ambaye aliandika barua, akapokea kaseti, akaipiga hewani. Baada ya Z, wasomaji walirithiwa na majarida mawili, Option na Sound Choice, yote yaliyoanza mwaka 1985.

7. Ni bendi gani hasa zilitoka humo?

Kati ya zilizosahaulika kuna The Beakers, waliocheza kwa muda mfupi mwanzoni mwa miaka ya 1980 muziki wa kukatika-katika wenye saksafoni, wakavunjika kabla ya kutoa albamu. Kuna Supreme Cool Beings, bendi ya watu watatu ambayo kaseti yake ya mwaka 1982 ndiyo toleo la kwanza kabisa la lebo ya K Records. Kaseti hiyo haikurekodiwa studio ya kulipia bali ilitokana na bendi kupiga moja kwa moja hewani KAOS. Redio ndiyo iliyokuwa studio, na matangazo yenyewe ndiyo yakawa bidhaa.

Mwanzilishi wa K, Calvin Johnson, alikuwa ametangaza KAOS tangu akiwa kijana wa sekondari. Baadaye yeye na Heather Lewis, wa Supreme Cool Beings, walikuwa katika bendi ya Beat Happening, ambao hawakusahaulika. Mtangazaji mwingine wa KAOS, Bruce Pavitt, alianzisha mwaka 1980 jarida dogo lililoitwa Subterranean Pop, akafupisha jina kuwa Sub Pop, akabadilisha baadhi ya matoleo kuwa kaseti za mkusanyiko, na hatimaye jina hilohilo likawa lebo ya Seattle. Kuhusu Nirvana, bendi maarufu ya lebo hiyo, tazama swali la 13.

## Jinsi kazi ilivyofanyika

8. Santuri ilifikaje kituoni, na nani aliamua ipigwe?

Ilikuja kwa posta. Bendi ilinakili anwani za vituo kutoka kwenye jarida au kwa bendi rafiki, ikafunga kifurushi, ikatumaini. Kuanzia mwaka 1978 jarida la kitaaluma la CMJ lilikusanya orodha za nyimbo zinazopigwa vyuoni, na kadiri miaka ilivyokwenda kampuni kubwa nazo zikaanza kuzisoma.

Ndani ya kituo, msimamizi wa muziki alisikiliza au aliwagawia watu wa kusikiliza, na aliyesikiliza alibandika karatasi nyeupe mbele ya jalada na kuandika maoni yake. Nilipojitolea katika kituo kimoja cha aina hii nilijifunza zaidi kutoka kwenye karatasi hizo kuliko darasani. Ninaikumbuka moja yenye miandiko minne. Wa kwanza, kwa wino wa buluu, ameeleza kila wimbo kwa maneno matano na kuonya kwamba wimbo wa tatu wa upande wa pili una tusi. Chini yake mwingine ameandika "takataka". Wa tatu amechora mshale kuelekea neno hilo na kuandika "wewe ndiye takataka". Wa nne, kwa penseli na kwa utulivu, ametaja tarehe aliyoupiga wimbo wa kwanza na kuongeza kwamba watu wawili walipiga simu kuuliza jina la bendi. Santuri hiyo ilikuwa ya bendi ambayo sijawahi kuiona ikitajwa mahali pengine popote, na wale watu wawili wa simu huenda ndio umaarufu wake wote.

9. Kwa nini vipindi hivi viliwekwa usiku wa manane?

Sababu ya kwanza ni ya kawaida: saa za mchana zilitakiwa na michezo, taarifa za chuo na muziki wa kitambo (classical). Sababu ya pili ni sheria. Mwaka 1987 FCC ilitoa onyo kwa vituo kadhaa kuhusu lugha chafu, na KCSB, redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kampasi ya Santa Barbara, ilikuwa mmojawapo, kwa sababu ya wimbo mmoja. Baada ya mabishano ya miaka mahakamani, tangu 1995 saa za unafuu, yaani zile ambazo lugha ya namna hiyo haiadhibiwi, zimekuwa kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Usiku pia unavumilia ukimya, kwa kiasi. Niliwahi kupiga kipande ambacho katikati yake hakuna sauti yoyote kwa zaidi ya nusu dakika. Simu ililia, na msikilizaji mmoja, kwa adabu kubwa, akauliza kama mtambo umeungua.

10. Je, bendi zililipwa zilipopigwa redioni?

Wapigaji, hapana. Sheria ya Marekani haiitaki redio ya FM kumlipa anayesikika katika rekodi. Mrabaha huenda kwa mtunzi na mchapishaji, kupitia vyama kama ASCAP na BMI, na bendi isiyojisajili haikupata hata hicho. Faida ilikuja kwa mzunguko: wimbo ukipigwa Boston, bendi ikifika Boston inakuta watu 40 badala ya wanne, na mara nyingi inalala sakafuni kwa mtangazaji.

11. Jandek ni bendi au ni mtu?

Swali hili huulizwa sana. Albamu ya kwanza ilitolewa Houston, Texas, mwaka 1978, na Corwood Industries, kwa jina la The Units. Kwa kuwa jina hilo lilikuwa la bendi nyingine, zilizofuata zikatolewa kwa jina la Jandek. Kinachosikika zaidi ni mtu mmoja na gitaa lisilofuata mpangilio wa kawaida wa nyuzi. Mahojiano yalikuwa karibu hakuna, na maonyesho hayakuwapo. Kulikuwa na masanduku ya santuri yaliyotumwa kwa redio za vyuo na kwa yeyote aliyeandika barua. Bila rafu za redio hizo tusingekuwa na habari zake. Mwaka 2004, bila kutangazwa, alipanda jukwaani Glasgow, Uskoti, kwa mara ya kwanza.

## Kusahaulika, na yaliyobaki

12. Kama zilipigwa redioni, kwa nini zimesahaulika?

Kwa sababu redio haihifadhi. Matangazo mengi ya miaka ya 1980 hayakurekodiwa, na yaliyorekodiwa yalifutwa ili kanda itumike tena. Watangazaji nao hukaa miaka minne wakahitimu. Anayejua kwamba santuri fulani kwenye rafu ya chini ni hazina anaondoka na ujuzi wake. Kaseti 50 zikigawanywa kwa marafiki 50, hakuna maktaba inayopata nakala. Watu hudhani ugumu wa muziki ndio uliozizika bendi hizi, nami sikubaliani nao: zipo bendi ngumu kuliko zote zinazokumbukwa, na zipo nyepesi zilizopotea. Iliyobaki ni ile ambayo mtu mmoja alihifadhi sanduku lake.

13. Je, R.E.M. na Nirvana si ushahidi kwamba mfumo ulifanikiwa?

Ulifanikiwa kwao. R.E.M., kutoka mji wa chuo wa Athens, Georgia, walitoa santuri yao ya kwanza kwa lebo ndogo mwaka 1981 na kubebwa na redio za vyuo hadi kwenye viwanja; albamu ya kwanza ya Nirvana ilitolewa na Sub Pop mwaka 1989. Lakini mafanikio hayo yalibadilisha rafu. Kampuni kubwa zilipoona kwamba vyuoni ndiko wanakozaliwa nyota, zilianza kutuma santuri kwa wingi, na kaseti ya bendi isiyojulikana ikajikuta ikishindana na bahasha za kampuni hizo palepale ilipokuwa nyumbani.

14. Vituo vyenyewe viko wapi sasa?

Vingi vipo. Vingine viliuzwa na vyuo vyao, kwa sababu leseni ya FM katika jiji kubwa ni mali ya thamani. Chuo Kikuu cha Rice, Houston, kilikubali mwaka 2010 kuuza masafa ya KTRU kwa dola milioni 9.5, wanafunzi wakaendelea kupitia intaneti, na mwaka 2015 wakarudi FM kwa kituo cha nguvu ndogo. Januari 2011 KUSF ya Chuo Kikuu cha San Francisco ilizimwa ghafla, ikiuzwa kwa dola milioni 3.75, na muziki wa kitambo ukachukua nafasi yake.

Kinyume chake ni WFMU, iliyoanza mwaka 1958 katika Upsala College, New Jersey. Chuo kilifungwa mwaka 1995 kwa madeni, lakini kabla ya hapo watu wa redio walikuwa wamenunua leseni kupitia shirika lao lisilo la faida. Chuo kikafa na redio yake ikabaki. Mwaka 1998 ilihamia Jersey City, na hadi leo huendeshwa kwa michango ya wasikilizaji.

## Maswali ya pembeni

15. Negativland, bendi ya majaribio ya California, walikuwa na kipindi kwenye redio ya chuo?

Hapana, ingawa kosa hili ni la kawaida. Kipindi chao kilichoanza mwaka 1981 kilikuwa KPFA ya Berkeley, ambayo ni redio ya jamii isiyo ya chuo. Redio za vyuo zilipiga santuri zao, ikiwemo ile ya mwaka 1991 iliyotumia vipande vya U2, ambayo Island, kampuni ya rekodi ya U2, ilifungulia mashtaka mara tu ilipotoka.

16. Ninaweza kusikiliza vituo hivi nikiwa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat?

Ndiyo. WXYC ya Chapel Hill, North Carolina, ilirusha matangazo yake kwenye intaneti tarehe 7 Novemba 1994, miongoni mwa za kwanza duniani, na wengi wamefuata. Tatizo ni saa. Wakati wa baridi Afrika Mashariki iko mbele ya Boston na New Jersey kwa saa nane, na mbele ya Olympia na California kwa saa kumi na moja. Wakati wa joto punguza saa moja. Muscat ongeza moja. Kipindi cha saa moja jioni Boston kitakukuta saa tisa usiku, lakini kile cha saa nne usiku Olympia kitakukuta saa tatu asubuhi, ukiwa kazini. WFMU huhifadhi vipindi vyake vya miaka mingi, na hivyo huhitaji kukesha.

17. Nimenunua mtumba wa kaseti na moja haina jina ila herufi za kituo. Nifanye nini?

Usiipige kwanza. Kanda ya miaka 40 inaweza kuganda au kukatika mara ya kwanza inapozungushwa, na huenda ukawa na nafasi moja tu; tafuta deki iliyosafishwa vichwa na uwe unarekodi tangu sekunde ya kwanza. Piga picha pande zote mbili za kaseti, karatasi ya ndani, na mwandiko wowote, hata namba iliyokatwa. Herufi nne zinazoanza na K au W ni jina la kituo: K kwa kawaida ni magharibi ya mto Mississippi, W mashariki yake. Kituo kikiwa bado kipo, waandikie na kuambatisha picha ya mwandiko kabla ya sauti, maana mwenye kuutambua mwandiko mara nyingi yupo hata pale ambapo hakuna anayeukumbuka muziki.